Mwalimu wa Bendi Isiyolia

Nimekaa jirani na mwalimu wa matarumbeta tangu nilipoolewa, mume wangu akafa nikabaki palepale, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo sikuwahi kusikia tarumbeta hata moja. Mjini Lushoto watu wakiniuliza ninakoishi, nikiwaelekeza, hudakia, "Aa, kule kwa mwalimu wa bendi! Nyie mna raha." Raha ipi? Nilichokuwa nikisikia ni kuku, mbuzi, maji ya kijito, na mzee mmoja akihesabu "moja, mbili, tatu, pumua" mbele ya vijana waliokuwa wakiminya hewa kwa vidole.

Alizaliwa lini na babu yake ni nani, hayo waulizeni watu wa ukoo wake. Wako wengi na wanapenda kuulizwa. Mimi nitasema ya jirani, yale mtu anayoyaona akiinua kichwa juu ya masale ya mpakani.

Na mimi niliona mengi, nikitaka nisitake. Nyumba yake iko upande wa mawio wa kijito, nyumba ya mdogo wake iko upande wa machweo, karibu na njia iendayo Irente, na yangu iko bondeni katikati, pale maji yanapokata kona. Asubuhi nikifungua mlango nawaona wote wawili wakipiga mswaki, kila mmoja akitazama milima kama aliyeambiwa aihesabu. Wazee walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Hawakusema lolote kuhusu mtu ambaye shamba lake liko katikati ya ugomvi wenyewe.

Mwalimu ni mrefu, mwembamba, na mashavu yake yamelegea kama mifuko ya suruali iliyobeba mawe kwa muda mrefu. Ni mashavu ya mpiga besi, lile bomba kubwa kuliko yote, ambalo mtu hulikumbatia kama anayemtoa ndama shimoni. Huvaa koti moja, jua na baridi. Katika mfuko wa koti hilo kuna kidomo cha besi, yaani kile kikombe kidogo cha chuma ambacho mpigaji huweka mdomoni kupulizia. Kidomo hicho nimekiona kikifanya kazi zote duniani isipokuwa yake. Amekipimia chumvi. Amekiwekea yai la kuchemsha. Amekipiga mluzi kuita kuku, na kuku wakaja, ila walikuwa wa mdogo wake.

Sasa niwaambie vyombo vilikwenda wapi.

Baba yao aliwaachia bendi nzima ya matarumbeta, vyombo vya kizamani vya Kijerumani, pamoja na neno moja: vyombo ni vya nyumba, si vya mtu. Walikuwa wakipiga kanisani, na alfajiri ya Pasaka walikwenda makaburini kuwaamsha wafu kwa nyimbo. Zaidi ya yote, kwao mtu haondoki nyumbani kwa mara ya mwisho bila besi kutangulia mlangoni. Hivyo ndivyo alivyozikwa baba yao, hivyo ndivyo alivyozikwa mama yao, na hata yule mjomba aliyekuwa akichukia kelele alipigiwa, maana siku hiyo hakuwa na la kusema.

Ijumaa ilikuwa siku ya vidomo. Baba yao aliwafundisha kuvitoa kwenye vyombo vyote na kuvichemsha kwenye sufuria, kwa sababu, alisema, mate ya wiki hii yasimfikie Mungu wiki ijayo. Kumbukeni hilo la Ijumaa.

Vyama vingi vilipokuja, redio ilisema ni mageuzi. Mwalimu alilikataa neno hilo. Yeye alikuwa mwenyekiti wa tawi la chama kikongwe, na alisema kwamba huko kwingine yametokea mageuzi, lakini nyumbani kwao yametokea mapinduzi, na aliyepindua anamjua, amemlisha uji. Maana mdogo wake alikuwa amerudi kutoka Tanga na kadi ya upinzani, kofia ya upinzani, na maneno mengi kuhusu katiba. Walibishana wakila, walibishana wakilima, walibishana wakikamua ng'ombe hadi ng'ombe akaanza kubana maziwa. Dada yao mkubwa, mjane aliyekuwa akiwapikia, aliwapiga wote wawili kwa mwiko, na hata hiyo haikusaidia.

Kisha zikaja kampeni, na kila chama kikataka bendi. Mikutano yote miwili ilipangwa Jumamosi moja, mmoja kiwanja cha shule, mwingine uwanja wa gulio, mahali ambapo ukipiga chafya huku wanakutakia afya kule. Siku ya kuamkia mkutano, Mwalimu akiwa kikaoni, mdogo wake alikuja na vijana wake, wakatia vyombo vyote kwenye magunia ya kabichi, wakavuka navyo kijito. Haraka haraka haina baraka: hawakukumbuka kwamba ilikuwa Ijumaa. Vidomo vilikuwa jikoni, vinachemka.

Mimi nilikuwapo gulioni Jumamosi hiyo, nilikwenda kuuza matunda yangu ya plamsi. Mgeni wa upinzani akapanda juu ya meza. Mdogo wake Mwalimu akainua mkono, vijana wakainua vyombo vilivyong'arishwa hadi vinaumiza macho, na hapo ndipo kila mmoja alipotazama mahali pa kuweka mdomo akaona tundu. Kijana mmoja jasiri akapuliza hivyohivyo. Ikatoka sauti ya mtu anayepoza uji.

Watu hawajamaliza kucheka, tukasikia kitu kutoka kiwanja cha shule. Mwalimu, ambaye hakuwa mtu wa kushindwa mbele ya chama chake, alikuwa amewapanga watu wake mstari mmoja, kila mtu na kidomo chake mkononi bila chombo, na alikuwa akiwaongoza katika wimbo wa kumpokea mgeni. Sijui kama mmewahi kusikia vidomo vitupu. Ni bata. Ni bata wengi, wenye hasira, kwa sauti nne. Nusu ya watu wa gulioni walikimbilia shuleni kuwaona bata, na nusu ya watu wa shuleni walikimbilia gulioni kuwaona wapoza uji, wakapishana njiani wakishikana mbavu. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Plamsi zangu zote ziliisha.

Toka siku hiyo ikawa hivi. Mwalimu alisema, "Alete vyombo, nitatoa vidomo." Mdogo wake alisema, "Atoe vidomo, nitaleta vyombo." Na kwa kuwa anayetangulia ndiye aliyekosa, hakuna aliyetangulia. Yule mdogo alijaribu kununua vidomo vingine hadi Dar es Salaam, lakini vya dukani viliingia kwenye vyombo vile kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba. Basi akavitundika vyombo vyake barazani, vikielekea mashariki, ili kaka yake aking'oka kitandani jambo la kwanza aone besi.

Hawakusemezana tena. Yaani walisemezana sana, ila kwa kupitia kwangu, na mara nyingi wote wawili wakiwa wamesimama mlangoni kwangu.

"Mama Neema," Mwalimu angeanza, mdogo wake akiwa hatua mbili kutoka kwake, "mwambie yule mtu mbuzi wake amekula maharage yangu."

"Mama Neema," angejibu yule mdogo akinitazama mimi, "mwambie yule mtu, mbuzi hana chama, anakula penye majani."

"Jamani, si mmesikiana?"

"Mwambie," wangesema wote kwa pamoja, na hapo tu ndipo sauti zao zilipopatana, moja ya juu na moja ya chini.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hata mapinduzi hayakuliweza. Kwetu, mdogo hapiti asubuhi bila kumwamkia mkubwa wake. Akipita, hata mbwa watamshangaa. Yule mdogo alikuwa mkaidi lakini hakuwa mtovu wa adabu. Kwa hiyo kila asubuhi alisimama ukingoni kwake, akaugeukia mlima usio na mtu, akapaza sauti, "Shikamoo!" Na ng'ambo ya pili Mwalimu alimwinamia ng'ombe wake, akamjibu kwa upole, "Marahaba." Ng'ombe yule amekufa akiwa ndiye ng'ombe aliyeamkiwa kuliko wote Usambara.

Mnadhani Mwalimu aliacha kufundisha kwa kukosa vyombo? Hamumjui. Vidomo alivifungia sandukuni baada ya aibu ile, isipokuwa kile cha mfukoni, na akaendelea kukusanya vijana kila Jumapili baada ya ibada. Aliwafundisha wapi vidole vikae, lini kupumua, lini kungoja. Kijana mmoja alimwonyesha kwamba kidomo ukikichomeka kwenye mpira wa maji kinalia vizuri tu. Mwalimu akamtazama kwa huzuni. "Mpira wa kumwagilia kabichi," akasema, "hauingii kanisani." Basi wakapiga hewa. Walipiga nyimbo nzima za hewa, beti zote, na akiona kidole kimekosea alisimamisha bendi yote na kusema, "Wewe! Umeniumiza sikio."

Watalii waendao kutazama bonde kule Irente hupita kwenye njia ya juu, na siku moja waliwakuta uwanjani wamejipanga, mashavu yamejaa, vidole vinachezacheza, kimya kabisa. Wakamwuliza kijana anayewaongoza ni nini kile. Kijana, ambaye nadhani alikuwa na njaa, akasema ni mazoezi ya viungo ya Wasambaa wa kale. Mama mmoja wa Kizungu akavua mkoba akaingia mstarini. Mwalimu hakukatiza wimbo. Alimsogelea tu, akamsikiliza ile hewa yake, akatugeukia sisi tuliokuwa pembeni. "Huyu anachelewa," akasema. "Lakini pumzi anayo."

Na msicheke sana. Mmoja wa vijana wale alikwenda Tanga, akaingia bendi ya harusi, na aliposhika tarumbeta ya kweli kwa mara ya kwanza vidole vilikwenda vyenyewe. Mdomo tu ndio uliochelewa.

Alikuwa na misemo yake, na mingi ilihusu besi. "Besi haikimbii," alisema akiambiwa afanye haraka. "Asikiaye besi ni yule aliyeikosa," alisema, na hilo sikulielewa wakati ule. Kanisa liliponunua kinanda cha umeme, alikisikiliza ibada nzima akiwa amefumba macho, kisha akatoka nje akaniambia, "Chombo kisichokula pumzi ya mtu hakiwezi kumlilia mtu." Wakati huo mfukoni mwake kilikuwamo kidomo chenye masalia ya yai.

Kama mnataka kujua itikadi yake ilikuwa nini, mimi pia. Nilidhani naijua, hadi yule mdogo alipochoka na upinzani, akasimama mbele ya watu akarudisha kadi, akarudi chama kikongwe. Nilifurahi! Nilikwenda mbio kumwambia Mwalimu, nikijua sasa yamekwisha, sasa ni chama kimoja, tutasikia muziki. Nilimkuta anapanda viazi. Alisimama, akafikiri, akaegemeza jembe.

"Amerudi chama changu?"

"Ndiyo, Mwalimu. Chama chenu wote sasa."

"Bila kuniomba?"

Wiki haikuisha, akajiuzulu uenyekiti wa tawi, akachukua kadi ya upinzani. Nilipomwuliza kwa nini, alisema hawezi kukaa chama kimoja na mtu aliyeficha sauti ya baba yake. Kesho yake akaja na shati lake la chama limefuliwa na kukunjwa. "Mama Neema, mpelekee yule mtu. Hili ni zima bado, na yeye hana." Nikapanda kilima nalo, nikinung'unika. Yule mdogo akalipokea, akalipima kifuani, akaingia ndani, akatoka na lake la upinzani, nalo limepigwa pasi. "Basi mpelekee hili. Asivae yale ya bure wanayogawa, yanachuja." Nikashuka nalo. Sijawahi kukasirika katika maisha yangu kama nilivyokasirika kwenye kile kilima, nikiwa nimebeba shati. Watu wanaopelekeana mashati yaliyopigwa pasi wanagombana nini?

Na ole wako uchukue upande. Mwuza duka mmoja alidhani anamfurahisha Mwalimu kwa kumwita mdogo wake kigeugeu. Mwalimu akamkunja shati mbele ya magunia yake ya sukari. "Nimtukane mimi," akasema. "Wewe nani? Ulimlisha uji?" Jioni hiyohiyo alikuja kwangu kuniagiza, "Mwambie yule mtu ni kigeugeu."

Kuna siku moja tu niliyomwona ameumia hasa, na sababu ilikuwa kuku. Kuku wa ng'ambo aliingia kwenye mdomo mpana wa besi iliyotundikwa barazani, akaona pana joto, akatagia humo. Mwalimu alimwona kutoka kwake. Alishuka kwangu koti limefungwa vibaya.

"Mama Neema," akasema, "mwambie yule mtu kuku wake anatagia kwenye sauti ya baba."

Nilikwenda nikamwambia.  Kesho yake nilimwona yule mdogo amekaa barazani na kitambaa, anasugua besi ndani na nje, na yule kuku amefungwa mguu.

Sasa nifike kwa dada yao, maana waligawana hata yeye. Baada ya mapinduzi, dada hakutaka kuchagua, kwa hiyo wakati wa kupanda alikaa kwa Mwalimu na wakati wa kuvuna alikaa kwa yule mdogo, na mara nne kwa mwaka nilimwona akivuka kijito na godoro lake kichwani. Wengine wamtazamao humwona bibi mpole. Alikuwa na sikio kali kuliko watu wote milimani kwetu. Enzi za bendi, mtu akikosea noti moja tu, mwiko ulitoka jikoni ukiruka na kumpata. Mwalimu ana kovu dogo juu ya nyusi, na hulionyesha kwa fahari: "Hili ni la wimbo wa mavuno, ubeti wa pili."

Mwaka mmoja akiwa katikati ya kuhama, alifika mlangoni kwangu, akatua godoro, akaketi juu yake. "Nimechoka na mpaka wao," akasema. "Nakaa hapa." Na akakaa. Chumba changu cha mbele kikawa chake. Kuanzia hapo Mwalimu alikuja kumwona asubuhi na yule mdogo jioni, mmoja analeta kuni, mwingine maziwa, wakipokezana kama walinzi.

Wakati wa baridi ile ya Juni, kifua kilimbana vibaya. Wazee wa kanisa walikuja kusali, na walipomaliza mmoja wao akamwambia kwa upole kwamba asiogope, Bwana amemwandalia mahali. Dada alikuwa akimtazama mdomo kwa jicho moja.

"Mahali pazuri," akasema. "Nitakwenda. Lakini besi iko wapi?"

Wazee wakatazamana.

"Baba alitolewa kwa besi. Mama alitolewa kwa besi. Mimi nitolewe kimya, kama mtu aliyeiba? Sifi. Waambieni wale watoto, sifi mpaka besi ilie."

Nilitoka nje, nikamkuta Mwalimu amesimama chini ya dirisha. Alikuwa amesikia. Hakuwa na mzaha usoni.

"Mama Neema, atazikwa kimya?"

"Unaniuliza mimi? Mimi ndiye ninayeficha vidomo?"

Akaingiza mkono mfukoni, akakishika kidomo. Kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma bila kumkasirikia. Nikapanda ule upande wa pili nikamwambia yule mdogo maneno ya dada, yote, na nikaongeza yangu, ambayo siyaandiki hapa. Nilipogeuka kushuka nilisikia nyuma yangu chuma kikigonga ukuta. Alikuwa anaitungua besi.

Walifika barazani kwangu pamoja, mmoja huku na mwingine kule, kwa hiyo hakuna aliyetangulia. Godoro la dada tulilisogeza mlangoni. Yule mdogo akaiinamisha besi, yakatoka manyoya, gunzi la hindi, na yai moja la mwaka Mungu ajuaye. Mwalimu akakifuta kidomo kwenye koti, akakichomeka. Kikaingia taratibu kama kilichotoka jana. Akaikumbatia besi yake, akajaza mashavu, akapuliza.

Ikatoka hewa. Ikatoka hewa tena. Mwalimu alikuwa amekwisha kung'oka meno ya mbele, yote, na midomo bila meno haina pa kuegemea. Mpiga besi bora kuliko wote niliowahi kuwasikia watu wakiwasifu alikuwa anapoza uji.

Yule mdogo akainyakua. Yeye meno alikuwa nayo, na sauti ikatoka, nene, yenye vumbi, hadi mbuzi wakainua vichwa. Lakini vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa baridi yabisi, havikuweza kuminya vitufe. Ikawa sauti moja tu, ndefu, kama ng'ombe anayekumbuka jambo.

Wote wawili wakautazama mlima. Kisha Mwalimu akaketi kwenye benchi langu, bega kwa bega na mdogo wake, akapitisha mkono, akaweka vidole vyake kwenye vitufe.

"Mama Neema, mwambie yule mtu avute pumzi."

"Mwambie mwenyewe," nikasema. "Mimi maharage yangu yanaungua."

Nikaingia jikoni, wala hayakuwa yanaungua. Nilisimama nyuma ya mlango, nimetega sikio. Ilichukua muda. Halafu nikasikia Mwalimu akisema, kwa sauti ndogo kama ya mtu anayejaribu maji kwa kidole:

"Vuta."

Nililia. Sioni aibu kusema.

Muziki wenyewe ulikuwa mbaya. Mmoja alipuliza mahali ambapo mwingine hajaminya, na wimbo wa maziko ulikwenda kama mlevi anayetafuta daraja. Walipomaliza, dada alimtazama mmoja, akamtazama mwingine.

"Hiyo ni besi tu," akasema. "Wimbo uko wapi? Nitatolewa kwa besi bila wimbo? Sifi."

Na hakufa. Kifua kilifunguka, akaomba uji. Jumapili iliyofuata yule mdogo alileta tarumbeta, Mwalimu akafungua sanduku la vidomo, wakaitwa vijana wa hewa, wengine sasa baba za watu, na kwa mara ya kwanza wakasikia walichojifunza. Dada akasema sauti ya tatu haionekani. Wakaleta tenori, chombo cha sauti hiyo. Akasema anataka wimbo mwingine, ule haumfai. Kila Jumapili alipata sababu mpya ya kutokufa, na kila Jumapili wale wawili walikaa kwenye benchi langu, bega kwa bega, mmoja pumzi na mwingine vidole, wakinuniana. Maana msidhani walipatana. Bado ni "yule mtu." Bado ni vyama tofauti, japo sijui tena nani yuko wapi.

Sasa, siku moja nilikuwa nafagia nyuma ya dada, sufuria kubwa likaniponyoka likaanguka sakafuni. Mbuzi walikimbia hadi kijitoni. Dada hakugeuka. Nikamzunguka, nikasimama mbele yake, akanitazama midomo kwa makini kama alivyozoea, na nikaelewa.

"Shangazi," nikasema polepole, "husikii?"

Akatabasamu kama mtoto aliyekamatwa akilamba sukari. "Masikio yalifungwa tangu baridi ya mwaka juzi, mwanangu. Kimya kabisa. Usiwaambie." Akanyoosha kidole dirishani, barazani. "Wakipiga, wanakaa benchi moja."

Sikuwaambia. Jumapili kadhaa zilipita. Halafu yule mdogo, akiwa ananisaidia kuingiza besi ndani mvua isiinyeshee, alininong'oneza nisimwambie kaka yake, lakini yeye ana wasiwasi kwamba dada hasikii. Nikasema sawa.

Na wiki iliyopita Mwalimu alikuja mapema, kabla ya wengine. Nilimwamkia, akaitikia, akapiga magoti barazani na nyundo. Mguu mmoja wa benchi ulikuwa unacheza, naye alikuwa amekuja na misumari. Alipomaliza akaketi kulijaribu, akajipapasa lile kovu juu ya nyusi.

"Mama Neema. Siku ile ya kwanza, tulikosea mara ngapi?"

"Nani angeweza kuhesabu, Mwalimu?"

"Na mwiko ulikuwa pale, karibu na mkono wake. Niliuona." Akatazama dirisha la dada, akateremsha sauti. "Hasikii hata mlango, yule. Nimejua toka ubeti wa kwanza."

Basi nilikuwa nimebeba siri ile ile ya watu watatu, na kila mmoja amenikataza kumwambia mwingine. Miaka yote nimewapelekea mbuzi, mashati na matusi. Huu ndio ujumbe wa kwanza uliokuwa umefika wenyewe.

Ng'ambo ya kijito yule mdogo alikuwa anateremka na tarumbeta begani. Akasimama ukingoni, akaugeukia mlima, akapaza, "Shikamoo!"

"Marahaba," Mwalimu akamjibu nyundo yake. Kisha akanishika mkono wa gauni haraka, kabla mdogo wake hajafika.

"Usimwambie yule mtu," akasema, akasogea upande mmoja wa benchi, akaipangusa nafasi iliyobaki kwa mkono wa koti.